Magurudumu Yasiyo na Masizi

Mzee Hersi hakumwamini mtu. Hakuniamini mimi dereva wake, hakumwamini fundi, hakumwamini muuza petroli wa Meru mjini, na nina hakika hata kondoo wake aliwatazama kwa jicho la pembeni. Nikichelewa kurudi kutoka Maua, aliweka kiganja juu ya boneti apime joto la injini, ajue kama nilisimama mahali. Nilimfanyia kazi miaka mingi na sikumbuki hata mara moja aliyonipa ufunguo bila kuniuliza swali. Mimi nami sikumwamini. Nilijiambia kwamba mtu anayeshuku watu wote namna ile lazima ana jambo lake analificha.

Gari lake lilikuwa la kukodishwa na watu wa heshima: walimu, wafanyabiashara, maharusi wa kanisani. Lilikuwa na rangi ya maziwa, na ringi za magurudumu zilipakwa rangi hiyohiyo. Uzuri huo ndio uliokuwa taabu yangu. Barabara ya Meru kwenda Embu ni kushuka bonde na kupanda, kushuka na kupanda, na kila ukishuka unakanyaga breki mpaka unasikia harufu yake. Lainingi, ule ukanda wa ndani wa breki, inasagika, unga wake mweusi unatokea kwenye matundu ya ringi, unaganda pale. Ukiuacha ulale na umande, unauma rangi. Asubuhi unasugua kwa sabuni hadi mkono unauma, na bado unabaki na madoadoa ya kutu. Hersi aliuita masizi, na kila doa alilihesabu kuwa uzembe wangu.

Basi mwaka ule wa hamsini na nne, Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali kuwasaka wapiganaji wa msituni, imetukalia shingoni, akaniita uani kwake. Mkewe, Mama Dhahabo, alikuwa ameyeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya mkia wa kondoo, akavimimina kwenye mkebe. Hersi alisema babake alipaka kitu kama hicho kwenye ngozi ya matandiko.

“Paka hii kwa gurudumu,” akaniambia. “Masizi ikikuja itakaa juu, haitashika rangi. Wewe unapanguza tu, basi.”

Nilichukua mkebe, lakini shaka ikaniingia palepale. Siku zile uchafu wa gari ulikuwa shahidi. Askari waliutazama kabla hawajakutazama wewe. Kwa nini mtu atake gari lake lisionyeshe lilikotoka? Niliwaza hivyo, nikanyamaza, maana kazi ni kazi.

Nilingoja dramu za breki zipoe, kwa sababu ukiimwagia maji dramu ya moto inapasuka. Nikaosha ringi, nikazikausha, nikapaka ule mchanganyiko kidogo tu kwa kitambaa cha fulana kuukuu, nikauacha ushike, kisha nikasugua hadi ringi zikang'aa. Nilichunga sana mafuta yasifike kwenye lainingi. Lainingi yenye mafuta haishiki, na kule kwenye mteremko wa Nithi gari lisiloshika linakwenda moja kwa moja kwa Mungu. Niliporudi kutoka Embu safari iliyofuata, ringi zilikuwa nyeusi kama kawaida, lakini nilipopitisha kitambaa chenye maji masizi yalitoka yote, na chini yake rangi ilikuwa kama mpya. Nilifurahi mno. Hersi aliinama akatazama kila gurudumu, akaniuliza kama nina hakika nilifika Embu.

Siku ninayoisimulia, Hersi alikuwa Embu kwa habari ya leseni yake ya uchukuzi. Aliagiza nimfuate, na gari lifike likiwa safi, maana angepanda mbele ya wakubwa. Niliondoka Meru asubuhi. Nilipofika Mto Thuci nikasimama, nikapanguza masizi yote, nikapanda kilima kwa gia ndogo bila kugusa breki. Nilifika Karurumo nikiwa na magurudumu ambayo ungeweza kulia chakula juu yake, na nikajisifu.

Karurumo palikuwa na kizuizi cha homgadi, wale wanamgambo wa serikali: gogo limelazwa barabarani, na nyuma yake kambi yenye handaki na miti iliyochongwa ncha. Mkubwa wao aliitwa Ireri, Mwembu mwembamba mwenye koti la jeshi lililomzidi na akili nyingi kuliko nilivyopenda. Tungeweza kusikizana kwa lugha zetu, Kimeru changu na Kiembu chake, lakini akiwa kazini Ireri alisema Kiswahili tu, ili ujue unaongea na serikali. Alikuwa na desturi yake. Wengine waliangalia pasi ya safari wakaridhika. Ireri aliangalia pasi, kisha akachuchumaa kando ya gurudumu, akapitisha kidole kwenye ringi, akakinusa. Vumbi jeupe la Kiritiri alilijua, tope la ukingo wa msitu alilijua, na masizi ya breki yalimwambia kwamba kweli umetoka mabondeni. Na wiki hiyo kulikuwa na habari kwamba bunduki zimeibwa kituo fulani karibu na msitu, na kwamba zilibebwa kwa gari.

“Umetoka wapi?”

“Meru, Bwana.”

“Leo?”

“Leo asubuhi.”

Akapitisha kidole. Akakitazama. Akaenda gurudumu la pili, la tatu, akazunguka gari lote, kisha akaja akaniinulia kidole chake mbele ya uso. Kilikuwa safi.

“Hii gari haijatoka Meru,” akasema. “Gari ya Meru inakuja hapa na magurudumu meusi kama sufuria. Sema, umelala wapi?”

“Nimepanguza hapo Thuci, Bwana.”

“Mtu anapanguza gurudumu katikati ya safari? Ulikuwa unatoa nini?”

Swali lake lilikuwa zuri, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemuuliza Hersi karibu vilevile, moyoni. Nikaanza kueleza habari ya mkebe na nta, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo.

Homgadi mmoja jina lake Runji akaingia garini kupekua. Akautoa mkebe chini ya kiti changu, akafungua kifuniko, na mara akautupa kana kwamba umemuuma. Mafuta yalikuwa yamebadilika rangi kwa sababu ya kitambaa nilichokuwa nikichovya, yakawa ya kijivu yenye michirizi myeusi. Tena yalinuka mbuzi.

“Hii ni ya kiapo!” Runji akapiga kelele. “Mimi sishiki hiyo kitu!”

Basi hakuna aliyetaka kuushika. Waliogopa kula kiapo cha watu wa msituni kwa vidole. Mwishowe wakausukuma kwa fimbo hadi juu ya jiwe katikati ya uwanja wa kambi, wakasimama mbali nao wakiutazama, watu wazima wenye mikuki na bunduki. Ningecheka kama si mimi niliyekuwa mwenye mkebe. Ukipatikana na vitu vya kiapo, ulipelekwa kambi ya wafungwa, na kati ya wote niliowajua waliochukuliwa, sikuwa nimemwona hata mmoja akirudi. Mke wangu, Ciakuthii, alikuwa na mimba ya kwanza.

“Ni mafuta ya nini?” Ireri akauliza.

“Ya kondoo. Ya Mzee Hersi, mwenye gari.”

Hapo nilidanganya, na acha nieleze kwa nini. Mafuta ya Hersi yalikuwa yamenipungukia. Iliyobaki chini ya mkebe ilikuwa nta tupu, ngumu, haipakiki. Ningemwomba Hersi mengine angeniuliza yale ya kwanza nimemuuzia nani, na sikuwa na hamu ya maneno hayo. Baba mkwe wangu, Mzee Kiogora wa Muthara, alikuwa amechinja mbuzi kumkaribisha bintiye nyumbani kwa furaha ya mimba. Nikaomba mafuta kidogo, nikayeyusha, nikaongeza mkebeni. Basi. Lakini mbuzi yule alichinjwa kwa desturi yetu, kwa kuzibwa pumzi, na walioketi kumla walikuwa wazee wengi, na hakuna aliyekuwa ameomba ruhusa ya kukusanyika. Ningesema ukweli, lori lingekwenda Muthara kumzoa Kiogora na wazee wake wote. Wazee, mbuzi, nyama iliyoliwa pamoja: nani angeamini kwamba ilikuwa furaha ya mimba?

“Bwana Ireri,” nikamwambia, “nijaribu. Twende mpaka mtoni turudi. Gurudumu litakuwa jeusi, nitapanguza mbele yako, utaona.”

Akafikiri. Akaingia kiti cha nyuma na bunduki yake, tukashuka hadi Thuci. Nilikanyaga breki kuliko nilivyowahi kukanyaga, mpaka gari likanuka. Tukapanda, tukarudi kambini, na ringi zilikuwa nyeusi tii. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikapitisha mara moja. Masizi yakatoka yote, rangi ya maziwa ikabaki inang'aa. Homgadi waliguna kwa mshangao. Nikasimama wima, nikijua nimejiokoa.

Ireri aliitazama ringi kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu:

“Kwa hivyo ni kweli. Uko na dawa ya kufuta safari.”

“Si dawa, Bwana, ni...”

“Mtu anaenda msituni, anapeleka kitu yake, anarudi, anapanguza mara moja, na hakuna mtu anajua alikuwa wapi. Mimi nimekaa hapa nikisoma magurudumu, kumbe kuna watu wananifutia kitabu.” Akamgeukia Runji. “Mfunge mikono. Lori ya kambi inakuja jioni, ataenda nayo.”

Walinikalisha chini kando ya handaki, mikono nyuma, jua likinichoma utosini. Nilikasirika kwanza. Niliikasirikia nta, nikaikasirikia rangi ya maziwa, nikajikasirikia mimi na kazi yangu nzuri. Hasira ilipokwisha ikabaki hofu. Nilimfikiria Ciakuthii akiuliza habari zangu kituo kimoja baada ya kingine na tumbo lake. Na nilipomfikiria Hersi nilijua ataniruka. Angesema hajui mkebe, hajui mafuta, na labda hata mimi hanijui vizuri. Kwa nini asiniruke? Wasomali kama yeye nao walikuwa wakitazamwa na serikali. Leseni yake ilikuwa mezani kwa wakubwa siku hiyohiyo. Neno moja kwamba gari lake linabeba kiapo, na biashara yake yote ingefungwa.

Alikuja alasiri, juu ya lori la maharagwe lililokuwa likienda Meru. Alikuwa amechoka kunisubiri na alikuwa amefura. Akashuka na bakora yake, kofia imekaa sawa, na unajua alikokwenda kwanza? Hakuja kwangu. Alikwenda kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti. Nikajua nimekwisha.

“Warya, we Mwongera,” akaniita, “hii gari imesimama hapa kutoka saa ngapi?”

Ireri ndiye aliyemjibu. Alimweleza yote taratibu: magurudumu safi, mkebe, harufu, jaribio la mtoni. Hersi alisikiliza akiwa ameegemea bakora. Kisha akausogelea mkebe pale juu ya jiwe, karibu kuliko mtu yeyote aliyethubutu mchana kutwa, akauangalia. Akaniangalia na mimi. Macho yale niliyazoea. Ndiyo aliyonitazama nayo kila nilipomrudishia ufunguo.

“Hii mkebe ni yangu,” akasema. “Bibi yangu alipika. Ni nta na mkia ya kondoo yangu. Mimi ndio nilimpa, mimi ndio nilimwambia apake. Kama iko makosa, ni yangu.”

Sikuamini masikio yangu. Lakini Ireri hakuwa mtu wa kuachia jambo njiani.

“Mzee,” akasema, “unakumbuka mwaka jana tulichoma mbuzi hapa kambini, tukakukaribisha?”

“Nakumbuka.”

“Ulikataa. Ulisema hauwezi kula nyama haijachinjwa na Mwislamu.”

“Ndiyo.”

“Hata supu ulikataa. Wote hapa waliona.”

“Ndiyo. Dini yangu imekataza.”

“Sawa.” Ireri akachukua ile fimbo, akausukuma mkebe hadi miguuni mwa Hersi. “Kama ni kondoo yako, kula.”

Hakuna mtu pale uwanjani aliyejua nililolijua mimi. Hersi angechovya kidole kwa imani kwamba ni kondoo wake, aliyemchinja yeye mwenyewe kwa jina la Mungu wake, kumbe ndani mlikuwa na mbuzi wa Muthara aliyezibwa pumzi. Mtu ambaye hakunywa hata chai yangu mpaka ajue kikombe kimeoshwa na nani. Ningenyamaza, ningekwenda nyumbani. Ningesema kwa Kiswahili, ningekwenda kambini, na Kiogora nyuma yangu.

Hersi aliinama akauokota mkebe. Na mimi nikasema kwa Kisomali maneno mawili niliyoyajua. Niliyajua kwa sababu Mama Dhahabo aliwakemea nayo wajukuu wake kila walipookota kitu chini na kukipeleka mdomoni.

“Ha cunin.” Usile.

Hersi akasimama na kidole hewani. Aliyageuza macho yake kwangu, na safari hii hayakuwa macho ya kuhesabu petroli. Niliona anaelewa. Niliona akinusa mkebe, sasa kwa makini, na kuipata ile harufu. Alikuwa na nafasi ya kuuweka chini. Angesema tu kwamba dereva amemchezea mafuta yake, na hakuna mtu ambaye angemlaumu, hata mimi.

Akasema bismillahi kwa sauti ndogo. Akachota kwa vidole viwili, akatia mdomoni, akatafuna ile nta, akameza. Akachota tena. Homgadi walimtazama kama watu wanaotazama mtu akivuka mto uliofurika.

“Imeingia moshi kidogo,” akasema. “Lakini ni ile ile.”

“Huyu amekwambia nini?” Ireri akauliza, akininyooshea kidole.

Hersi akajipangusa midomo kwa ncha ya kikoi.

“Amesema nisimalize. Bado hajapaka gurudumu za nyuma.”

Runji ndiye aliyeanza kucheka, kisha wengine wote wakacheka kwa kelele, kicheko cha watu walioogopa kwa muda mrefu. Ireri hakucheka. Alimtazama Hersi, akanitazama mimi, akautazama mkebe, na ninaamini hata leo kwamba alijua kuna kitu kimempita. Lakini ni yeye mwenyewe aliyeweka mtihani, mbele ya watu wake, na Hersi alikuwa ameushinda. Akaamuru nifunguliwe. Akaubakiza mkebe, akasema ataupeleka kwa mkubwa wake autazame. Hersi akamwambia auchukue tu, nyumbani iko mingine.

Tukaondoka kurudi Meru, Hersi kiti cha nyuma kama kawaida yake. Sikuthubutu kumtazama kwenye kioo. Nilisubiri aniulize, maana huyu ndiye mtu aliyeniuliza maswali kila siku ya maisha yangu ya udereva, na sasa alikuwa na la haki. Tuliposhuka hadi Thuci akanigusa bega.

“Simama.”

Alishuka akaenda kuchutama mtoni. Alitia kidole kooni akatapika. Akasukutua mdomo mara nyingi, akanawa uso na mikono, akasukutua tena. Nilisimama kando ya gari, kofia mkononi, sijui nimpelekee maji au nikae mbali. Aliporudi ndevu zake zilikuwa zinadondoka maji na alionekana mzee sana.

“Ilikuwa ya nani?” akauliza.

“Ya baba mkwe wangu, Mzee. Mbuzi.”

“Alichinjwa?”

“Alizibwa pumzi. Ni desturi yetu.”

Akafumba macho. Nikasema, “Mzee, nilikwambia usile.”

“Nilisikia.”

“Sasa mbona ulikula?”

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga wa kwanza kukutana naye tangu azaliwe.

“Lori yao inakuja jioni,” akasema. “Unafikiri nilikuwa na siku ngapi ya kuwaza?”

Akaingia garini, akafunga mlango. Nikakaa kwenye usukani. Nyuma yangu nikamsikia akipumua kwa nguvu, halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba.

“Mwongera. Mama Dhahabo asijue.”

Nikamwambia hatajua. Nikawasha gari, nikatia mkono kwenye gia, na gia ikakataa kuingia, kwa sababu nilikuwa nalia na nilisahau kukanyaga klachi.